Tulizima nakala za akiba ili tovuti iende kasi, tukajuta

Na Mwandishi Wetu, Marekani

SIMU ilipigwa saa nne asubuhi kwa saa za Dar es Salaam. "Kaka, mbona tovuti yenu haifunguki?" aliuliza msomaji wetu mmoja wa Temeke. Mimi nilikuwa usingizini. Hapa nilipo, katikati ya Marekani, ilikuwa saa nane za usiku.

Niliamka, nikawasha kompyuta. Ukurasa ulifunguka, lakini baada ya dakika nzima. Habari moja, dakika nzima! Nikangoja mpaka saa tisa, nikajaribu tena. Ukafunguka papo hapo kama kawaida yake.

Kesho yake hali ikawa ile ile, na keshokutwa vilevile. Barua pepe zikamiminika kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, zote zikisema jambo moja: asubuhi tovuti inakwama. Sisi huku tukawajibu wasomaji kwamba huenda intaneti yao ndiyo mbovu. Haikuwa kweli, na leo nawaomba radhi.

Fundi wetu ndiye aliyegundua kiini cha tatizo. Kila siku saa nane usiku, seva inayobeba tovuti yetu ilikuwa inanakili kanzidata yote, yaani lile ghala la habari, picha, maoni na majina ya wasomaji, ili siku tukipatwa na janga tuwe na pa kurudia. Nakala hiyo ya akiba mafundi huiita bekapu.

Aliyepanga kazi hiyo ifanyike usiku alikuwa na sababu: usiku watu wamelala. Lakini usiku wa nani? Saa nane usiku ya hapa ni saa nne asubuhi ya Dar es Salaam na Nairobi, na ni saa tano asubuhi ya Muscat. Wakati wa baridi, saa za huku zikirudishwa nyuma, inakuwa saa tano na saa sita. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunafagia duka huku wateja wamejaa mlangoni.

Fundi aliomba wiki mbili apange upya mambo yote. Uchaguzi ulikuwa umekaribia na mimi nilikuwa na haraka.

"Mdogo wangu, izime kwanza," nilimwambia. "Tutaiwasha uchaguzi ukiisha."

"Sawa kaka, nitaizima. Lakini kumbuka ni wewe uliyesema," alijibu.

Tovuti ikaenda kasi. Wasomaji wakafurahi. Uchaguzi ukapita, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Miezi saba baadaye diski ya seva ikafa.

Mzigo upo, tusidanganyane

Swali ambalo watu wengi wenye tovuti, maduka ya mtandaoni, hospitali, shule na hata vyama vya kukopeshana huwauliza mafundi wao ni hili: je, kuchukua nakala za akiba kunaupunguzia mfumo kasi? Je, kunavuruga matengenezo ya kila siku?

Jibu la kweli ni ndiyo. Anayekuambia kwamba nakala ya akiba haina gharama yoyote anataka kukuuzia kitu. Jambo la kujua ni gharama hiyo inatoka wapi, maana ukiijua unaweza kuipunguza.

Kwanza ni diski. Ili kunakili kanzidata nzima, seva lazima iisome yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati huohuo wasomaji nao wanataka kurasa zao kutoka diski ileile. Diski za zamani zinazozunguka ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu kichwa cha kusomea hulazimika kuruka huku na huko. Diski za kisasa zisizozunguka hustahimili zaidi, lakini nazo zina kikomo.

Pili ni memori. Seva yenye akili huviweka karibu vitu vinavyoombwa mara kwa mara, kama muuza duka anavyoweka sukari na chumvi karibu na mkono wake. Nakala inapopita na kusoma kila kitu, hata habari za miaka kumi iliyopita, vitu hivyo vya zamani vinaweza kuvisukuma nje vile vinavyohitajika sasa. Ndiyo maana wakati mwingine mfumo unabaki mzito kwa muda hata baada ya kazi ya kunakili kwisha.

Tatu ni prosesa na njia ya mtandao. Nakala hubanwa ili ichukue nafasi ndogo, na kubana ni kazi ya hesabu nyingi. Kisha husafirishwa kwenda kuhifadhiwa mahali pengine, na safari hiyo hupita katika njia ileile wanayopita wasomaji.

Nne ni kufuli, na hapa ndipo sisi tuliponaswa. Kanzidata yetu ilikuwa ya MySQL, na majedwali yake yalikuwa ya aina ya zamani iitwayo MyISAM. Jedwali la aina hiyo linaponakiliwa kwa njia ya kawaida hufungwa, na mtu anayetaka kubadilisha kitu ndani yake husubiri mpaka kazi iishe.

Unaweza kuuliza, msomaji anabadilisha nini wakati yeye anasoma tu? Tovuti yetu ilikuwa na kihesabu. Kila habari ilipofunguliwa, kihesabu kiliongeza moja kwenye jedwali lilelile la habari. Basi kila msomaji alikuwa pia mwandishi bila kujijua, na kila mmoja aliganda mlangoni akisubiri kufuli lifunguliwe. Waliokuja nyuma yake wakapanga foleni.

Aina mpya ya majedwali, InnoDB, ambayo MySQL iliifanya kuwa ya kawaida tangu toleo lake la 5.5 mwaka 2010, inaweza kunakiliwa bila kuwazuia wanaosoma wala wanaoandika. PostgreSQL nayo ni hivyo. Tulikuwa na dawa kwa miaka mingi, hatukuinywa.

Inapogongana na ufagio

Sehemu ya pili ya swali ni matengenezo. Kanzidata, kama nyumba, inahitaji usafi. Faharasa zinajengwa upya, takataka zinaondolewa, majedwali yanaongezwa safu mpya. Kazi hizi nazo hupangwa usiku, saa zilezile za kuchukua nakala. Hapo ndipo mafahali wawili wanapokutana katika zizi moja.

Chukua mfano wa PostgreSQL. Ukibadilisha mstari mmoja, ule wa zamani haufutwi papo hapo. Unabaki mpaka mfagiaji wa ndani apite na kuuondoa. Lakini anayechukua nakala anahitaji kuiona kanzidata kama ilivyokuwa dakika alipoanza, hata kama kazi yake itachukua saa sita. Kwa hiyo kwa saa zote hizo mfagiaji haruhusiwi kugusa mistari ya zamani ambayo bado inaweza kuhitajika. Takataka zinarundikana, majedwali yananenepa, na tovuti inakuwa nzito mchana kutwa kwa kosa la usiku.

Si hivyo tu. Fundi akitaka kuongeza safu kwenye jedwali wakati linanakiliwa, atasubiri. Na yeye anaposubiri, wote wanaokuja nyuma yake kuomba jedwali hilo nao wanasubiri, hata wale wanaotaka kusoma tu. Kwa nje mtu ataona tovuti imekufa, kumbe ni foleni iliyosababishwa na amri moja iliyotolewa saa mbaya.

Lakini sarafu hii ina upande wa pili ambao wengi hawaufahamu. Kuna mahali ambapo kukosa nakala ndiko kunakoleta uzito. Katika SQL Server, ukichagua utaratibu wa kutunza kumbukumbu kamili za kila badiliko, daftari la mabadiliko hayo huendelea kukua mpaka lenyewe linakiliwe. Usiponakili, daftari linaweza kuijaza diski, na siku diski ikijaa hakuna badiliko jipya litakalopokelewa. Mtu anazima nakala ili apate kasi, kisha anakosa kasi na nakala vyote viwili.

Wakubwa nao walilizwa

Msidhani ni sisi wadogo tu tunaofanya makosa haya. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima, alikuwa akihangaika usiku na seva ya pili iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu kwa sababu ya mzigo mkubwa. Aliamua kufuta data za seva ya pili ili aanze upya. Amri aliitoa kwenye seva kuu. Alipostuka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakakimbilia nakala za akiba. Zilizopaswa kuchukuliwa kila siku hazikuwapo, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe na ilikuwa ikishindwa kimya kimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala moja tu, ambayo fundi aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Ilikuwa bahati. Walipoteza kazi za saa hizo sita, na huduma ikarudi baada ya saa kama 18, kwa sababu diski walikokuwa wakinakili kutoka zilikuwa za pole pole.

Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kuchukua nakala ndiyo iliyogeuka kuwa mharibifu. Ilirekebishwa ikiwa bado inafanya kazi, na badala ya kufuta kumbukumbu za zamani ikafuta mafaili ya watafiti wenyewe. Mafaili yapatayo milioni 34, terabaiti 77, yakatoweka, na vikundi 14 vya watafiti vikaguswa. Kampuni iliyouza mfumo ilikiri kosa.

Januari 11, 2023, hapa Marekani, ndege zilizuiwa kuruka nchi nzima. Mfumo unaowapa marubani taarifa za tahadhari ulikuwa umekufa. Mamlaka ya anga, FAA, ilieleza baadaye kwamba wafanyakazi wa mkandarasi walifuta mafaili kwa bahati mbaya walipokuwa wakirekebisha ulinganifu kati ya kanzidata kuu na ile ya akiba. Safari zaidi ya 10,000 zilichelewa. Hayo yalikuwa matengenezo ya kawaida.

Na Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, betri za lithiamu zikiwa zinahamishwa. Mamia ya mifumo ya serikali ilisimama. Mingi ilikuwa na nakala sehemu nyingine. Lakini ghala lililoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi, terabaiti 858, liliteketea lote. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno na la kasi ndogo, hivyo halikuwekewa nakala nje.

Msomaji, rudia sentensi hiyo. Kubwa mno na la kasi ndogo. Ni sababu ileile niliyompa fundi wangu usiku ule, tofauti ni ukubwa wa ghala.

Kupunguza mzigo bila kuutupa

Mambo gani basi yafanyike? Nimejifunza kwa gharama, naeleza bila kuchaji.

Moja, jua saa za wasomaji wako kabla ya kupanga saa za seva. Tovuti ya watu walio Dar es Salaam, London na Minneapolis haina usiku mmoja. Tulipotazama idadi ya wasomaji wetu saa kwa saa, tuligundua kwamba muda wao mchache kabisa ni saa za alfajiri ya Afrika Mashariki, wakati sisi huku tunakula chakula cha jioni. Kazi tukaihamishia huko.

Halafu saa ya seva tukaiweka katika saa ya dunia isiyobadilika, UTC. Marekani kila Machi saa husogezwa mbele, ikifika saa nane usiku inarukia saa tisa. Kazi iliyopangwa saa nane na robo inaweza isifanyike kabisa usiku huo, au ifanyike wakati usioutarajia.

Mbili, usinakili kila kitu kila siku. Chukua nakala nzima mara moja kwa wiki, kila siku chukua yaliyobadilika tu, na daftari la mabadiliko lichukuliwe kila baada ya dakika chache. PostgreSQL yenyewe iliongeza uwezo wa kunakili yaliyobadilika tu katika toleo la 17, Septemba 2024. Tahadhari ni moja: kurejesha kunakuwa na hatua nyingi, na kipande kimoja kikipotea mnyororo umekatika.

Tatu, ukiweza weka seva pacha inayofuata kila kinachoandikwa kwenye seva kuu, na nakala zichukuliwe kutoka kwa pacha. Wasomaji hawatahisi kitu. Lakini pacha si nakala ya akiba. Ukifuta habari kwenye seva kuu kwa makosa, pacha naye anaifuta mara moja kwa utiifu.

Nne, tenganisha ufagio na nakala. Kagua kwanza kama kanzidata ni nzima, kisha chukua nakala, kisha ndipo ufanye matengenezo makubwa. Ukinakili kitu kilichooza unahifadhi uozo. Na ukianza matengenezo makubwa bila nakala ya karibu, unapanda mnazi bila kamba.

Tano, mwambie mchukuaji nakala apunguze pupa. Programu nyingi zinaruhusu kuwekewa kikomo cha kasi. Afadhali kazi ichukue saa tatu bila mtu kujua, kuliko dakika arobaini watu wakilalamika.

Sita, usiweke mayai yote kapu moja. Kanuni inayojulikana ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe mbali. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza. Si kanuni ya kampuni kubwa tu, hata picha za harusi yako zinaistahili.

Jaribio ni kurejesha

La mwisho ndilo kubwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. GitLab walikuwa na njia kadhaa za kuchukua nakala katika makaratasi, na iliyowaokoa haikuwa mojawapo ya hizo zilizotegemewa.

Siku hizi, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, fundi wetu huchukua nakala na kuijenga tovuti upya kwenye kompyuta nyingine tupu. Mimi huchagua habari tano za zamani bila kumwambia, nazifungua. Zikifunguka, tunaandika muda uliotumika. Zisipofunguka, hatulali. Kazi hii haiigusi seva wanayotumia wasomaji, kwa hiyo haimpunguzii mtu kasi hata kidogo.

Turudi kwenye diski yetu iliyokufa. Kampuni tuliyokodi seva ilitujibu kwa ustaarabu kwamba mkataba wetu haukuhusu nakala. Ya mwisho tuliyokuwa nayo sisi ilikuwa ya siku ile niliposema "izime kwanza". Baadhi ya kurasa tuliziokota katika maktaba ya mtandaoni ya Wayback Machine. Nyingine wasomaji walituletea, walikuwa wamezichapa au kujitumia kwa barua pepe. Nyingi hazikurudi.

Gazeti la karatasi likifungiwa, nakala hubaki mitaani, kwenye maktaba, hata kwa muuza vitumbua. Sisi tunaoandikia ugenini hatuna mitaa. Tulichoandika kikifutika kwenye seva, ni kama hakikuandikwa, na wale ambao wangependa kisingeandikwa hawakulazimika hata kunyanyua kidole. Kazi yao niliwafanyia mimi.

Miongoni mwa vilivyopotea ni taarifa ya msiba wa ndugu yetu mmoja aliyefia huku, pamoja na salamu za rambirambi na majina ya waliochanga ili mwili wake usafirishwe kwenda kuzikwa nyumbani. Mwaka uliofuata mjane wake alituandikia. Aliuomba ule ukurasa, watoto wamekua na wanataka kuona watu walisema nini juu ya baba yao.

Niliupekua kila mahali, sikuupata. Nilimwandikia nikamweleza ukweli wote, ikiwa ni pamoja na kwamba aliyeamuru nakala zizimwe ni mimi, na sababu ilikuwa ni dakika moja ya kusubiri.

Alinijibu kwa mstari mmoja. Alisema dakika moja angeisubiri.